Mwili unauma, usingizi hautoshi: je, pumzi inakatika usiku?

SWALI: Nina miaka 48. Dokta alisema nina fibromialjia, ugonjwa wa maumivu na uchovu wa muda mrefu. Mwili wote unauma, huu ni mwaka wa pili. Nalala saa nane nzima lakini naamka nimechoka, kichwa kinauma mpaka saa tatu. Mume wangu anasema sikoromi sana, ila pumzi hukatika kidogo halafu nashtuka. Nanunua tramadoli (ya maumivu) na diazepamu (ya usingizi) farmasi ili nilale. Kuna uhusiano? – Mama wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Upo, mama. Alichokiona mumeo kimweleze dokta hata kabla ya maumivu. Katika apnea ya usingizi koo hujifunga, hewa haipiti kwa sekunde 10 au zaidi, ubongo unakuzindua nusu ili uvute pumzi, na asubuhi hukumbuki kitu. Pumzi ikikatika mara 5 kwa saa, tayari inahesabika kuwa apnea. Kuanzia 30 ni kali. Usingizi wa kukatwakatwa hivyo haufiki kina, na mwili usiolala vizuri husikia maumivu upesi zaidi. Maumivu nayo yanakunyima usingizi.

Wanawake wengi wenye apnea hawakoromi kwa kishindo. Wanalalamika uchovu, kukosa usingizi, kuumwa kichwa asubuhi, huzuni, dalili zilezile za fibromialjia, basi hakuna anayeuliza habari za pumzi. Hedhi ikishakoma, hatari huongezeka.

Hizo dawa mbili ndizo zinazotutia wasiwasi. Zote hupunguza nguvu ya kupumua, na diazepamu hulegeza misuli ya koo. Kwa mwenye apnea, kuzinywa pamoja ni hatari kweli. Lakini kama umezizoea usiziache ghafla, unaweza kupata degedege. Dokta azipunguze hatua kwa hatua.

Omba upimwe presha, damu (hemoglobini) na tezi ya shingo (TSH), maana upungufu wa damu na tezi iliyolegea huleta uchovu kama huo. Kipimo chenyewe cha apnea hufanyika usiku kucha, kwa kifaa kinachorekodi pumzi na oksijeni. Kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni, ukivalishwa mchana ukiwa macho, hakiwezi kuthibitisha kwamba huna apnea hata kikionyesha namba nzuri.

Kwa sasa lala ubavu. Kunja kitenge kikuukuu kiwe kigumu kama ngumi, ukishone mgongoni mwa nguo ya kulalia, katikati ya mabega. Ukigeuka chali kitakusumbua. Nyonga ikiuma, weka mto kati ya magoti. Pombe ya jioni, hapana.

SWALI: Nina apnea, nimeandikiwa mashine ya CPAP, inayosukuma hewa ili koo lisijifunge usiku. Umeme wetu unakatika na vumbi ni jingi. Nifanyeje? – Dada wa Goma

JIBU: Zima kipasha maji cha mashine (kinacholainisha hewa), ndicho kinachokula umeme. Bila hicho mashine nyingi hutumia wati 30 hadi 60. Kwa wati 40, saa 8 ni wati-saa 320. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini usivuke nusu, la sivyo itakufa mapema. Usiku mmoja unatosha bila shaka. Tumia waya wa volti 12 wa mashine hiyohiyo, kwa sababu inveta hupoteza umeme. Kichujio cha sponji kioshe kila wiki, kikauke kabisa kabla ya kukirudisha. Kile cheupe chembamba hakioshwi: kikigeuka kijivu, weka kipya. Na kama una maumivu pia, usidhani yataisha yote. Kwa wengi uchovu ndio hupungua kwanza.