Kuzimia ovyo na kuambiwa ni mawazo tu

Dada, pole. Umezimia mara tatu, ya mwisho kwenye foleni ya matatu pale Odeon, Nairobi, na daktari anasema ni mawazo tu. Nami nilizungushwa hivyo hivyo miaka miwili. Kilichonitoa ni daftari nililoandika kila nilipozimia: saa, nimekula nini, nimesimama au nimeketi, walioniona wamesema nini. Akiwepo mtu, akurekodi kwa simu. Kujing'ata ulimi pembeni na kuchanganyikiwa baadaye humfanya daktari afikirie kifafa. Dai upimwe presha ukiwa umelala kisha umesimama, damu, sukari, na umeme wa moyo (kipimo cha ECG). Ukizimia ukikimbia, au kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, nenda hospitali leo. Kizunguzungu kikianza, lala chini, miguu juu, hata kama ni vumbini. Watu watatazama, watazame.