Redio ya Kijapani haishiki stesheni, ramani nayo inaonesha Japani

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nina Toyota Wish ya 2010, redio yake ni ile ile iliyokuja nayo yenye navigesheni, maandishi yote Kijapani. Inashika Clouds na Wasafi vizuri ila EFM haipatikani kabisa, nikibonyeza ramani inakuja ya Japani. Fundi mmoja kaniambia anafunga ekspanda mambo yanaisha, mwingine anasema ing'olewe niweke redio ya Android yenye skrini ya inchi 9. Nimsikilize nani? Na mziki utapiga kama mwanzo? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Msikilize huyo wa pili, ila kuna mambo ya kukubaliana naye kabla hajashika bisibisi.

Tuanze na stesheni. FM ya Japani kwenye redio za umri huo inaanzia megahezi 76 inaishia 90, ya kwetu inaanzia 88 hivi mpaka 108. Ndio maana Clouds 88.5 na Wasafi 88.9 zinaingia, EFM iko 93.7 haiwezi kuingia hata ukinunua antena mpya. Ekspanda ni kadude kanakokaa kati ya waya wa antena na redio, kazi yake kushusha masafa, mfano ile ya 20 inaichukua stesheni ya 100 inakuletea kwenye 80. Sasa piga hesabu mwenyewe: redio inasoma upana wa 14 tu na bendi yetu ni 20, kwa vyovyote kuna kipande kitabaki nje, na hiyo ya 20 inakupa kuanzia 96 kwenda juu, kwa hiyo EFM yako bado huipati, halafu mikwaruzo inaongezeka. Kama hela haijakaa sawa unaweza kuishi nayo, lakini ujue hujatibu ugonjwa.

Ramani nayo hivyo hivyo, redio hizo zilitengenezwa kwa soko la Japani peke yake, mtu akikwambia ana apdeti ya Tanzania usimpe hela. Na wakati unajipanga usiichomoe ile kadi ya SD kwa udadisi, nyingi ukishaitoa redio nzima inagoma mpaka uirudishe, wengine wameuziwa magari kadi ilishapotea zamani na redio ni pambo tu.

Haya, kufunga Android. Nyuma ya redio ya Toyota kuna soketi mbili, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6, na madukani kuna nyaya zenye soketi za kuchomeka humo moja kwa moja. Nenda umeshika hiyo waya mkononi. Fundi akitoa koleo akasema anakata soketi za gari aunge kwa selotepu, msimamishe hapo hapo, nasema hivi kwa uchungu kabisa kwa sababu gari ikishakatwa soketi kila fundi atakayekuja baadaye anabahatisha rangi za nyaya, na shoti nyingi za deshibodi zinaanzia kwenye viungio vya namna hiyo.

Kwenye hiyo waya kuna ya njano, umeme wa muda wote, na nyekundu, umeme unaokuja ukizungusha swichi. Kuna mafundi wanaziunganisha pamoja ili kazi iishe. Zikienda zote betri redio hailali, asubuhi gari haiwaki unaanza kulaumu betri, zikienda zote kwenye swichi redio inasahau kila kitu ulichoseti. Halafu ipo ya bluu, ya kuipa antena umeme, hiyo inasahaulika sana, na kama antena ya gari yako ina busta, yaani kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi, hiyo waya isipofungwa stesheni zitakuja kwa mbali utadhani redio ni mbovu. Na kama gari ina kamera ya nyuma ya kiwandani muulize fundi inakula volti ngapi, kamera nyingi za Toyota ni volti 6, akiipa 12 ya taa ya rivasi anaiunguza.

Skrini nunua yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2 kwenda juu na fremu ya Wish ya kuanzia 2009, sio ya ile ya zamani. Usiamini kilichoandikwa kwenye boksi wala kwenye setingi, maana vinachezewa, mwambie muuzaji aiwashe pale dukani, afungue ramani huku mziki unapiga, uone kama inakwama. Antena ya GPS ikae juu ya deshibodi karibu na kioo, ikifichwa chini kwenye mabati mshale utakuwa unaruka barabara. GPS yenyewe haili bando, ukipakua ramani ya Dar ya Google Maps kwa wifi nyumbani itakuelekeza hata huna data, utakosa taarifa za foleni tu.

Kuhusu mziki, skrini kubwa haiongezi sauti. Hiyo 50W mara nne (wati 50 kwa spika nne) inayoandikwa kwenye boksi uhalisia wake ni kama 15 mpaka 20 kwa kila spika. Ikibaki hela kidogo badilisha spika za milango ya mbele, hapo ndio utasikia tofauti.

SWALI: Mimi ni dada wa Arusha, nina IST, kila nikiwasha kuna mwanamke anaongea Kijapani. Redio nimeshabadilisha na bado anaongea. Ni nini? (Msomaji)

JIBU: Dada, hiyo haitoki kwenye redio. Ni ETC, kidude cha kulipia barabara za kulipia za Japani, anachosema ni kwamba kadi haijawekwa. Tafuta kiboksi kidogo chini ya deshibodi upande wa dereva au kwenye droo ya abiria, chomoa soketi yake, basi. Injini haihusiki nacho kabisa.

SWALI: Nina Probox hapa Mombasa, ni ya kazi, skrini sitaki. Nataka simu tu icheze ngoma. Nimenunua ile ya kuchomeka kwa sigareti inarusha FM lakini inakwaruza kila mahali. (Msomaji)

JIBU: Hiyo inataka masafa matupu, na redio yako ya Kijapani inaishia 90, kwa hiyo unabaki na kuanzia 87.5 mpaka 90 ambapo mjini stesheni zimejaa. Toa redio, weka ya kawaida yenye bluetooth na mlango wa USB isiyo na skrini, inaingia kwa soketi zile zile nilizotaja hapo juu. Ukipata yenye maikrofoni ya nje ifunge juu kwenye nguzo ya kioo upande wako, ndio simu zitasikika na madirisha yakiwa wazi.