Kifaranga Hulishwa Kabla Yai Halijatagwa

Msomaji mmoja ameniandikia ujumbe mrefu, na ukiusoma unaisikia hasira yake kabisa. Amebadilisha kipimajoto, ameongeza maji kwenye mashine ya kutotolesha, ameihamisha mashine yenyewe kutoka chumba kimoja hadi kingine, na bado mayai yanamgomea. Akiyapima kwa tochi anaona mishipa vizuri tu, mbegu ipo. Siku ya 21 ikifika wanatoka vifaranga wachache, wengine wanafia ndani ya ganda. Swali lake lilikuwa moja: anunue mashine gani badala ya hiyo?

Sikumjibu habari za mashine. Nilimuuliza kuku wake wanakula nini. Akajibu, "Chakula cha kuku wa mayai, tena kile kizuri." Nikacheka peke yangu, kicheko cha uchungu, kwa sababu maneno hayohayo niliwahi kuyasema mimi mbele ya watu nikitetea jina langu.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimeanza kuuza mayai ya kutotolesha, na nilijivunia kuku wangu, si kidogo. Wakubwa, wazima, wamechanjwa, wanataga bila kupumzika. Mteja mmoja mwenye mashine kubwa akarudi na trei za mayai yaliyogoma, akazibwaga mezani mbele ya wateja wengine na kutangaza kwamba majogoo wangu ni mapambo tu. Nilimwambia nawalisha vizuri, nikamwonyesha hadi mfuko wa chakula. Hakutaka kusikia. Alidai hela yake nikamrudishia. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri wakakumbuka ghafla kwamba wana haraka. Neno lile la mapambo linaniuma hadi leo, nisiwadanganye.

Ila nilimwomba aniachie trei zake. Alipoondoka nikatandaza gunia uani, nikaanza kuyavunja mayai moja baada ya jingine. Kazi hiyo inanuka, na watu wengi huikwepa kwa sababu hiyo tu. Wanayatupa mayai shimoni pamoja na majibu yao. Mayai matupu yalikuwa machache. Mengi yalikuwa na vifaranga, na vifaranga wale walikuwa na kasoro. Manyoya yao ya kwanza hayakuwa yamechanua, yalikuwa yamejikunja ndani ya vifuko vyake hadi ngozi ikawa na vinundu vidogovidogo mgongo mzima. Vidole vya miguu vimekunjamana kwa ndani. Wengine wamedumaa, hawafanani kabisa na umri wa yai. Nikamwosha mmoja kwa maji ili aonekane vizuri, nikampiga picha, nikamtumia daktari wa mifugo.

Daktari hakuuliza habari za jogoo wala za joto. Aliuliza kuku wazazi, yaani wale wanaotaga mayai ya kutotolesha, wanapata wapi vitamini B2, ile inayoitwa pia riboflavini.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia, na mfuko wa chakula haukulisema. Chakula cha kuku wa mayai kimepangwa ili kuku atage yai la kuliwa. Kina protini kama asilimia 16 hadi 18, kina kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, na kuku akikila atataga, ganda litakuwa gumu na wewe utafurahi. Mtu anayekaanga yai hajali lina riboflavini kiasi gani. Kifaranga anajali, maana kwa siku 21 hana pengine pa kula. Kuku anaweza kutaga vizuri kwa kiwango cha vitamini ambacho hakitoshi kabisa kumkuza kifaranga ndani ya yai, na mayai hayo kwa nje huwezi kuyatofautisha na mengine. Ndiyo maana mtu anapigana na kipimajoto mwaka mzima.

Basi ndugu mfugaji, jizoeze kuvunja mayai yaliyogoma. Kila upungufu una alama zake. Miguu mifupi na minene, na mdomo uliopinda kama wa kasuku, mara nyingi ni upungufu wa madini ya manganizi au vitamini ya biotini. Wakifa mapema, siku chache tu baada ya mishipa kuonekana, fikiria vitamini E au A. Wakifa wiki ya tatu huku misuli ya mapaja imenyauka, fikiria B12. Ganda jembamba na mifupa laini ni vitamini D. Simaanishi kwamba mashine haina hatia kamwe. Lakini mashine yenye joto pungufu huchelewesha vifaranga, na yenye joto la kuzidi huwawahisha. Kama wako wanatoka kwa wakati wao ila wachache, acha kuichokonoa mashine, rudi bandani.

Sasa nawalishaje? Chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya kuku wazazi kikipatikana, ndicho nachowapa, sihangaiki na kingine. Kisipopatikana, nachanganya mwenyewe na kutumia premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) ya kuku wazazi, si ya kuku wa mayai, kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Juu ya hapo kuna majani mabichi kila siku. Lusini, yale majani ya malisho ya jamii ya kunde, ni nzuri sana, lakini majani yoyote ya kijani yanayolika yanasaidia. Mna B2, mna vitamini E, mna kile kinachogeuka kuwa vitamini A. Majani hayana B12. Hiyo inatoka kwenye unga wa samaki na vyakula vingine vya wanyama, na kuku wanaoparua matandazo huokota kiasi humohumo, jambo ambalo kuku wa kwenye vizimba vya nyaya hawalipati.

Kipimo changu cha haraka hiki hapa: vunja yai bichi kwenye sahani nyeupe, karibu na dirisha. Tazama ute, usitazame kiini, kila mtu hutazama kiini. Ute wenye riboflavini huwa na rangi ya kijani-njano kwa mbali sana. Ukiwa mweupe kabisa kama maji, anza kuwa na wasiwasi. Si maabara, lakini imeniokoa zaidi ya mara moja.

Na uwe na subira. Kiini hukua kwa kasi katika siku kama 10 za mwisho kabla ya yai kutagwa, kwa hiyo vitamini ya leo haipo kwenye yai la kesho. Mimi huacha zaidi ya mwezi kati ya kubadilisha chakula na kukusanya mayai ya mashine. Mayai ya katikati hapo yanaliwa. Wengi wanashindwa hapa kwa sababu ya tamaa: wanalisha vizuri kwa wiki moja, wanajaza mashine, wanasema ushauri haufai.

Mahindi matupu ndiyo vita yangu kubwa. Kila mgeni akija anataka kuwarushia kuku mahindi, na kuku wanayapenda, wanayakimbilia na kuacha chakula chao. Kila punje inayoingia inachukua nafasi ya vitamini na protini, na kuku ananenepa. Kuku mnene hutaga vibaya, na jogoo mnene hawezi kuwapanda mitetea. Nimegombana na shemeji yangu kwa jambo hili, na ningegombana naye tena leo.

Majogoo nao wana chakula chao, watu husahau. Jogoo hatagi, kalsiamu ya karibu asilimia 4 inamchosha figo bure kwa muda mrefu, wakati asilimia 1 inamtosha. Ikiwezekana wape wote chakula chenye kalsiamu ndogo, kisha weka magamba ya chaza au chokaa ya mifugo kwenye chombo cha pembeni. Mitetea watajiendea wenyewe, hasa jioni, kwa kuwa ganda hutengenezwa zaidi usiku. Jogoo mmoja kwa mitetea 8 hadi 10, basi.

Kuna vitu vya kuepuka. Mashudu ya pamba yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu za pamba, ambayo hubadilisha rangi ya kiini na kushusha utotoaji. Mimi siyaingizi kabisa. Chakula chenye ukungu usikionee huruma hata kama kimekugharimu. Na usiwape kuku wazazi chakula cha vifaranga wa nyama eti kina protini nyingi. Baadhi ya vyakula hivyo vina dawa za kuzuia koksidiosisi (ugonjwa wa kuharisha damu), na mojawapo, nikabazini, huua viinitete, yaani vifaranga wanaoanza kukua ndani ya yai. Mayai ya kahawia yakipauka ghafla bila kuku kuugua, ulizia kuhusu dawa hiyo kwanza.

Niliwahi kuuziwa premiksi iliyoganda mabonge, nikaambiwa "ni unyevu tu." Siku hizi naangalia tarehe kabla ya kuangalia bei, nanunua kidogo kidogo, na chakula kilichokwisha kuchanganywa sikiweki zaidi ya mwezi. Vitamini hazisubiri. Joto linazila, jua linazila, na wewe unabaki na mfuko wenye jina zuri.

Kukusanya na kuhifadhi mayai nilishaandika, sirudii: mahali pa ubaridi, upande butu juu, yasizidi siku 7.

Yule mteja wa mapambo siku hizi anamtuma mpwa wake kuja kununua mayai kwangu. Mwenyewe hatii mguu. Namuuzia, bei ileile ya wengine, ila nilimwambia kijana amfikishie salamu za majogoo.

Na hapa niseme wazi kwa tunaouza mayai ya kutotolesha. Mtu anakulipa zaidi ya bei ya yai la kula kwa sababu anaamini ndani mna kifaranga mzima. Ukimpa yai la kuku anayekula mahindi na pumba, ukajua, huo ni wizi, hata kama mbegu ipo. Msitafute visingizio.

Wengine mtaniuliza kuhusu vitamini za kuweka kwenye maji. Zinafaa kwa dharura, au wiki za kwanza wakati unasubiri chakula kipya kifanye kazi. Zichanganye asubuhi kiasi cha siku hiyo, yaliyobaki yamwage jioni, na chombo kikae kivulini, kwa sababu riboflavini ikipigwa na mwanga inaharibika na kuku watakunywa maji ya rangi tu.