Kokteli za shampeni nyumbani: niliyojifunza baada ya kuharibu chupa tatu

Mama mkwe wangu alistaafu ualimu baada ya miaka thelathini na kitu ya kushika chaki, na mimi na mawifi zangu tukaona siku hiyo haiwezi kuwa ya soda na bia peke yake. Kwa kiherehere changu nikajitolea kushika upande wa vinywaji. Nilishawahi kuona hotelini wanavyopitisha sinia la glasi nyembamba, ndani kitu cha rangi ya dhahabu na viputo vinapanda mstari mmoja mmoja, nikajiambia hii ni kazi ya dakika mbili. Nikanunua chupa tatu. Saa nzima kabla ya wageni, ili baadaye nisihangaike, nikazimwaga zote kwenye jagi kubwa pamoja na juisi ya pasheni, nikakoroga kwa mwiko kama ninavyokoroga juisi ya watoto, nikafunika, nikaingiza kwenye friji.

Wageni walipofika nikamimina juisi iliyolala. Shemeji alionja, akaitazama glasi, akaniuliza kwa upole kabisa, "Shem, hii yangu imekata gesi au ndivyo ilivyo?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Baadaye nilipoanza kusoma mambo haya nilipata faraja kidogo. Jerry Thomas, Mmarekani aliyechapisha kitabu cha kuchanganya vinywaji mwaka 1862, aliweka humo kokteli ya shampeni na akaagiza itikiswe vizuri kabla ya kuhudumiwa. Kutikisa shampeni! Basi si mimi peke yangu.

Tangu siku ile nimetengeneza kokteli hizi mara nyingi, kwenye Krismasi, vikao vya mawifi, na kipaimara kimoja ambacho paroko mwenyewe aliomba ya pili. Haya ndiyo ninayoweza kukwambia.

Tuanze na chupa, maana hapo ndipo pesa inapopotea. Kwenye harusi zetu kila kinacholia "pah!" MC akihesabu moja mbili tatu kinaitwa shampeni. Champagne yenyewe hutoka eneo moja tu la Ufaransa lenye jina hilo, na bei yake unaijua. Ukiipata, inywe hivyo hivyo. Kuichanganya na juisi ni sawa na kununua kitenge cha waksi ukakatia pazia la jikoni. Kwa kokteli mimi natumia waini nyingine zenye gesi, Cap Classique ya Afrika Kusini au cava ya Hispania. Zote mbili hutengenezwa kwa njia ileile ya Wafaransa, gesi inazaliwa ndani ya chupa yenyewe, na Waafrika Kusini wamekuwa wakifanya hivyo tangu 1971. Prosecco ya Italia ni nyepesi zaidi, kwa kuwa gesi yake kwa kawaida huzaliwa kwenye tangi kubwa kabla ya kutiwa chupani, nayo inakwenda vizuri sana na matunda. Kuanzia hapa nikisema shampeni kwenye vipimo, namaanisha mojawapo ya hizi.

Kisha soma lebo. Tafuta neno Brut, ambalo maana yake sukari haifiki gramu 12 kwa lita. Ukiona Extra Dry usidanganyike ukadhani ndiyo kavu zaidi. Ina gramu 12 hadi 17, yaani ni tamu kuliko Brut. Demi-Sec ni gramu 32 hadi 50, na ndiyo inayokaribia ile tuliyoizoea ukumbini. Sasa hebu fikiria: unachukua kinywaji chenye sukari hiyo, unaongeza juisi yenye sukari yake, halafu na asali kidogo kwa sababu umeona mtu akifanya hivyo mtandaoni. Glasi ya pili haimaliziki.

Jambo la pili ni baridi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu tunaishi Dar. Gesi hujificha ndani ya kinywaji cha baridi na hukimbia kwenye kinywaji cha moto. Wewe mwenyewe unajua soda iliyoshinda juani kwenye gari inavyofanya ukiifungua. Chupa ya shampeni ina mgandamizo wa ndani karibu mara tatu ya tairi la gari dogo, kwa hiyo ikiwa ya uvuguvugu haitakulowesha vidole tu, nusu yake itaishia kwenye zulia. Ilaze kwenye friji tangu usiku uliotangulia. Friza usiiguse. Niliwahi kuisahau humo chupa moja ya wifi, ikapasuka, tukaokota vioo kwenye mfuko wa maharage kwa wiki mbili.

Umeme ukikatika, na utakatika, kuna ndoo. Nunua barafu zile za vifuko wanazouza akina mama mtaani, zipasue, ziweke kwenye ndoo, kisha umwage maji hadi yafike shingo ya chupa, na konzi moja au mbili za chumvi. Watu wengi hujaza barafu tupu bila maji, chupa inagusana na vipande viwili vitatu, kwingine ni hewa. Maji ndiyo yanayoikumbatia chupa pande zote, na chumvi huyashusha chini ya sifuri. Kwa nusu saa hivi iko tayari. Barafu hiyo haiingii kwenye kinywaji, kwa hiyo hata ya Feri kwa wauza samaki inafaa, ila kausha chupa vizuri kabla hujaipeleka mezani. Usiniulize nilijuaje.

Na kila kitakachoingia kwenye glasi kiwe cha baridi vilevile: juisi, shira, hata glasi zenyewe. Hili nilichelewa kulielewa. Unaweza ukaipoza chupa siku nzima, ukaimimina juu ya juisi iliyokaa mezani, ikapanda povu lote na kubaki maji.

Kufungua sasa. Ondoa karatasi ya juu. Weka dole gumba juu ya kizibo na usilitoe tena mpaka mwisho. Legeza waya, huzunguka nusu mzunguko mara sita, lakini usiutoe, uache hapo hapo juu ya kizibo. Funika kitambaa, ilaze chupa upande kama mtu anayeegemea ukuta, shika kizibo kwa nguvu na uzungushe chupa, si kizibo. Kizibo kitaanza kukusukuma chenyewe, wewe unakizuia. Kikitoka kilie "psss" kama mtu anayevuta pumzi. Najua MC atalalamika, na watoto watalalamika zaidi. Kama lazima ilie, tenga chupa moja ya bei ndogo kwa ajili ya kelele na muifungulie uani. Sebuleni kwetu taa ya dari ina ufa hadi leo.

Glasi zile ndefu nyembamba ni nzuri kwa picha, lakini mimi natumia glasi za kawaida za waini, zile ndogo. Harufu inapata nafasi, na pua pia. Zile pana kama sahani sizitaki, gesi inaondoka hujamaliza kusalimia. Kubwa zaidi ni usafi. Glasi za kabati la sebuleni hukaa miaka zinasubiri mgeni, kisha zinaoshwa kwa sabuni nyingi kwa haraka. Sabuni iliyobaki inaua povu kabisa. Zisuuze kwa maji ya moto mara mbili, zipindue zikauke zenyewe.

Sasa kuchanganya. Mpangilio wangu ni huu: kizito kwanza, kisha shampeni kiasi cha vidole viwili, subiri povu lishuke, halafu inamisha glasi na ujazie polepole ikipita ukutani. Kama kuna kilichokaa chini, pitisha kijiko kirefu mara moja tu, ukiinua kutoka chini kwenda juu. Usikoroge. Wala usifikirie jagi.

Pasheni ndiyo inayopendwa zaidi nyumbani kwangu, na ndiyo yenye hila. Nyuzi za tunda huamsha gesi, kila kinyuzi ni mahali pa kiputo kuzaliwa, kwa hiyo ukitia pasheni na nyama yake itafurika kama maziwa jikoni. Kamua pasheni nne au tano, chuja kwa chujio la chai, kisha chuja tena kwa kitambaa cheupe, yeyusha humo kijiko kimoja cha sukari. Mililita 20 kwa kila glasi zinatosha, yaani vijiko vinne vya chai, na shampeni mililita 100. Mbegu tatu za kuelea juu, kama unataka urembo. Tatu, si kumi.

Embe nalo linawezekana. Waitalia wana Bellini, aliyoibuni Giuseppe Cipriani kwenye Harry's Bar ya Venice kwa pichi nyeupe zilizopondwa na prosecco. Embe ni zito kuliko pichi, kwa hiyo lipunguze kwa maji baridi na ndimu hadi limiminike kama maziwa, kisha sehemu moja ya embe kwa nne za prosecco. Dodo lina nyuzi kidogo. Ukitumia embe lenye nyuzi nyingi, chuja hadi mkono uchoke.

Kwa rangi hakuna kama rozela. Chemsha kikombe cha maua makavu na kikombe cha maji na nusu kikombe cha sukari, kipande cha tangawizi, acha ipungue iwe shira, chuja, poza usiku kucha. Vijiko viwili vya chai chini ya glasi, kisha shampeni juu, inapanda wekundu wa jioni. Wafaransa wana Kir Royale yao ya cassis, kileo kitamu cha matunda madogo meusi yaitwayo blackcurrant, na siwaonei wivu.

Wanaotaka kitu cha kiume, kama wanavyosema wenyewe, watengenezee French 75. Imepewa jina la mzinga wa Kifaransa wa milimita 75 uliotumika Vita Kuu ya Kwanza, na jina halikukosewa. Jini mililita 30, maji ya ndimu 15, shira ya sukari 10. Hivi vitatu unaruhusiwa kuvitikisa na barafu, kisha unachuja kwenye glasi na kujazia shampeni. Mdogo wa mume wangu hutumia Konyagi badala ya jini. Nilimcheka, nikaonja, nikanyamaza. Ila hiyo ni moja kwa mtu, tena baada ya kula.

Mama mkwe yeye anataka ile ya zamani kabisa: kipande cha sukari kinachodondoshewa matone matatu ya Angostura, ile dawa chungu ya Trinidad ya chupa ndogo yenye karatasi kubwa kuliko chupa, kinalazwa chini ya glasi, shampeni inamiminwa juu. Hakuna kukoroga. Sukari inaliwa taratibu na kutoa uzi wa viputo kutoka chini hadi juu kwa muda mrefu, naye huishika glasi mbele ya dirisha na kuitazama kwanza. Nadhani anakunywa kwa macho zaidi.

Upande wa wasiokunywa usiufanye wa kubahatisha. Jirani yetu mmoja ni Mwislamu wa swala tano, wifi mmoja ni mlokole, na daima kuna mjamzito na dereva. Hao ninawaandalia jagi lao, chujio lao, glasi zao za umbo tofauti na sinia lake, na sinia hilo ndilo linalotoka kwanza. Pasheni ileile au rozela ileile, kisha maji ya gesi au Stoney Tangawizi iliyopoa sana. Kuhusu zile chupa zilizoandikwa hazina kilevi, geuza usome nyuma, maana baadhi ni waini iliyotolewa kilevi na hubaki na asilimia kidogo, mpaka 0.5. Mwambie mtu ukweli achague mwenyewe. Kumshtukiza mgeni kwa kilevi nyumbani kwako ni aibu isiyosafishika.

Hesabu ya chupa ni rahisi. Chupa moja ya mililita 750 inatoa glasi saba za kokteli, si zaidi, kwa kuwa kuna povu linalomwagika na kuna mjomba anayejimiminia. Wageni kumi na wawili, glasi mbili mbili, chupa nne. Fungua moja moja, inapoisha ndipo ufungue nyingine.

Ikibaki? Krismasi iliyopita ilibaki nusu chupa. Mama mkwe akachukua kijiko cha chai, akakichomeka mdomoni mwa chupa mpini ukiwa ndani, akairudisha kwenye friji. "Hivi gesi haitoki, mwanangu. Nilifundishwa na masista." Kijiko hakizibi chochote, watu wameshalipima hilo, kinachosaidia kidogo ni ubaridi wa friji. Lakini nani atambishia mwalimu wa miaka thelathini? Nikaitikia. Alipoingia kulala nikakitoa, nikabana kile kizibo cha chuma chenye mabawa mawili nilichonunua Kariakoo, na alfajiri nikaamka kabla yake, nikakitoa na kurudisha kijiko.

Saa nne akaimimina, viputo vikapanda. Akanigeukia na glasi mkononi. "Umeona?"

"Nimeona, mama."