Saa ya rangi ya chungwa

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi huku Dodoma wazima, mvua tu ndiyo bado. Umeniuliza kwa nini picha ya saa zilizolegea, ile mliyoonyeshwa chuoni, inakutia huzuni wakati hakuna anayelia ndani yake. Wenzako wanasema inahusu muda kuyoyoma, basi. Siafikiani nao.

Itazame tena taratibu. Mchoraji Mhispania Salvador Dalí aliichora mwaka 1931, akaiita Kudumu kwa Kumbukumbu. Ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: sentimita 24 kwa 33, imeizidi karatasi ya A4 kidogo tu. Saa ziko nne. Moja imening'inia kwenye tawi kavu, ya pili inateleza ukingoni, ya tatu imelala mgongoni mwa kile kiumbe kilichofumba jicho. Ya nne, ya rangi ya chungwa, imefunikwa na bado ni ngumu. Hiyo ndiyo iliyovamiwa na sisimizi, na kwa Dalí sisimizi walikuwa alama ya kuoza. Yaani inayoliwa ni ile iliyokataa kulegea! Zile laini zimesalimika, ukiacha nzi mmoja aliyetua juu ya mojawapo.

Wapo wanaomvuta Einstein hapo, yule mwanasayansi aliyesema muda hauendi kwa kasi moja kila mahali. Dalí mwenyewe alidai wazo lilimjia kwa kutazama jibini ya Camembert ikiyeyuka. Namwamini nusu, alikuwa mtu wa mbwembwe.

Huzuni yako mimi naiona kwingine. Kile kiumbe wengi husema ni uso wa Dalí mwenyewe, amelala. Nyuma yake kuna majabali ya pwani ya Katalonia, Hispania, alikocheza utotoni, na muda si mrefu kabla ya picha hii baba yake alikuwa amemfukuza nyumbani. Angalia majabali hayo yalivyochorwa: yamenyooka, yana mwanga, hayajalegea hata kidogo. Nawe umekulia kwenye mawe, sasa uko Dar. Ukiikumbuka nyumbani, unakumbuka jabali ulilokuwa ukilipanda. Ilikuwa saa ngapi, hujui.

Likizo ukija twende Kolo, kule Kondoa, ukaone michoro myekundu ya watu warefu wembamba kama wa ndotoni. Wenyeji hawaifanyi ya maonyesho, bado wanatambika pale kuomba mvua. Mimi hunitia hofu kidogo. Sijui wewe itakutia nini. Nauli nitakutumia mwisho wa mwezi.

Mama yako