Namba ya siri usimpe anayekuogesha

Nilianguka na gunia la dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Uti wa mgongo ukaumia, miguu ikagoma. Kaka akahamia kwangu Mabatini na mkewe ili wanihudumie. Shemeji aliniogesha na kunigeuza usiku nisipate vidonda. Kwa hilo sitamsema vibaya hata siku moja.

Ila simu ilikaa kwake, na namba ya siri nilimpa mwenyewe. Kodi ya vyumba vyangu viwili iliingia humo. Nikiuliza, naambiwa, "Pumzika, shemeji, hayo tuachie sisi." Siku moja kaka akaja na karatasi imekunjwa na kidau cha wino: weka dole gumba. Dole gumba! Mimi niliyemaliza kidato cha nne, mikono yote mizima.

Nikamwambia asome kwanza. Akasusa.

Mpangaji wangu ndiye aliyepanda mawe hadi kwa mwenyekiti wa mtaa, maana kiti changu cha magurudumu hakifiki huko. Mwenyekiti akaja na afisa ustawi wa jamii. Dada yule akaomba tuzungumze wawili, mlango umefungwa. Nawe ukifika hapo, liombe hilo kabla ya yote. Mbele ya anayekulisha utasema mambo ni shwari, hata kama si shwari.

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazipa halmashauri jukumu la kulinda haki zetu, na kwamba Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 12 ya mkataba huo inasema tuna haki ya kumiliki mali na kusimamia fedha zetu wenyewe. Kuogeshwa hakukunipokonya haki hiyo. Wasio na hela ya wakili wana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ulizia wasaidizi wa kisheria, huduma yao ni bure.

Tuliandikishana: kodi naipokea mimi, shemeji namlipa kila mwezi, maana kazi yake ni kazi. Nikasaini kwa kalamu, nakala moja ikabaki kwa mwenyekiti. Hati ya kiwanja iko chini ya godoro langu, na namba ya siri nimebadilisha.

Shemeji alininunia wiki nzima. Uji ulikuja bila sukari. Nikanywa.