Kabla ya Kukopa Ununue Mashine Kubwa ya Msasa, Pindua Hiyo Uliyonayo Uitazame Tumbo

Wiki iliyopita kijana mmoja seremala wa Kasulu aliniandikia akiuliza kama ni busara achukue mkopo katika kikundi chao anunue mashine ya msasa ya bei kubwa, kwa kuwa hii ndogo aliyonayo, ya mkanda wa msasa unaozunguka, wenye upana wa milimita 75, inamchimbia mbao na imekwisha kumharibia milango miwili ya mteja. Aliambatanisha picha ya mlango mmoja. Niliitazama picha hiyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu michimbo ya aina ile naifahamu vizuri mno.

Jibu langu ni kwamba asikope. Hata hivyo, jibu fupi namna hiyo halimsaidii mtu ambaye mteja wake anamsubiri, kwa hiyo nitaeleza yaliyonipata mimi mwenyewe hapa Tabora, ingawa mengine bado yananiuma kuyaandika.

Nilifundisha jiografia kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na useremala niliuanza kwa mapenzi tu, nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, kama walivyoanza wengi wenu mnaosoma haya, ambao najua mnatamani kile kile nilichokitamani: kutengeneza samani ya mninga ambayo mtu akipitisha kiganja juu yake hapati la kusema. Mbao ya mninga kwetu si ya kutafuta mbali, maana misitu ya miombo ya mkoa huu ndiyo makao yake, na yeyote aliyewahi kuukata mti huo ukiwa mbichi ameuona utomvu wake mwekundu kama damu. Ni mbao yenye hisani kwa fundi: inarandika vizuri, haipindi ovyo ikikauka, na ikipakwa vanishi inatoa rangi ambayo haihitaji kusaidiwa. Kwa sababu hiyo hiyo, kosa lolote la msasa juu yake linaonekana kama doa kwenye kanzu.

Mashine yangu niliinunua kwa shilingi 140,000, na siku ya kwanza nilipoiwasha nilijiona nimemaliza kazi ya kusugua kwa mkono maishani mwangu. Baada ya miezi miwili mtu mmoja mwenye heshima zake mjini aliniagiza meza ya watu wanane, akitaka ikae sebuleni kabla ya sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa. Niliifanya kazi hiyo kwa wiki tatu. Uso wa meza nilianza kuupiga msasa namba 60, ulio mkali, nikaja namba 80, kisha namba 120 ulio laini zaidi, na kila nilipousimamia mchana ule uliniridhisha. Nilipopaka sila, ile ya kwanza ya kuziba vinyweleo vya mbao, kisha vanishi, na mwenyewe alipokuja jioni taa ikiwa imewashwa upande mmoja, mabonde yote yakajitokeza: marefu, membamba, yamepindapinda, mengine yakikutana na kuachana.

Alipitisha mkono juu ya meza, akanyamaza kidogo, kisha akasema mbele ya wanawe wawili, "Mwalimu, shikamoo zetu unazo, lakini hapa umetuchorea Malagarasi na Ugalla." Wanawe walicheka, maana hiyo ni mito miwili ya huku kwetu. Mimi nilimjibu, "Mzee, nipe siku mbili niirekebishe," naye akasema hapana, siku hazipo, akaenda kununua meza kwingine. Tangu siku hiyo, kwenye kijiwe cha kahawa ninapopita saa za alasiri, kuna watu wazima wanaoniita Mwalimu wa Malagarasi. Nacheka nao. Kuna siku sikuchekeshwa hata kidogo.

Kwa mwezi mzima niliilaumu mashine kwa ujumla wake, yaani nililaumu bei yake, na hilo ndilo kosa analolifanya kijana wa Kasulu sasa. Mashine ya bei ya chini haiwi mbaya kila mahali. Mota ya kwangu, ambayo ni ya wati 800, haijawahi kunisumbua, na swichi yake ni ile ile hadi leo. Ubaya ulikuwa mahali pamoja ambapo sikuwahi kupatazama kwa sababu mkanda unapafunika, nako ni kwenye bamba la chini, lile ambalo mkanda huteleza juu yake na ambalo kwa kweli ndilo linaloamua uso wa mbao utakuwaje.

Siku nilipolitazama nilikuwa nimechomoa plagi na kutoa mkanda ili tu nisafishe vumbi. Nikaweka rula ya chuma kukatisha upana wa bamba, nikainua mashine kuelekea mwanga wa dirisha. Mwanga ulipita pande zote mbili, kushoto na kulia, ilhali katikati rula ilikuwa imekaa. Bamba lilikuwa na tumbo. Mashine ilikuwa inakaa juu ya mbao kama mtumbwi mtupu, ikiyumba kidogo kila mkono wangu ulipochoka, na kila ilipoyumba, ukingo wa mkanda ulikata mfereji mmoja wa Malagarasi. Nilikaa chini kabisa nikalitazama bamba lile, nikamkumbuka yule mzee na wanawe.

Katika mashine nyingi za aina hii bamba hilo ni kipande chembamba cha chuma kilichofungwa kwa skrubu mbili au tatu, na chini yake pana utando wa korki au sponji ngumu. Nilipofungua nilikuta gundi ya kiwandani imeganda bonge moja katikati, na korki imekaa juu ya bonge hilo. Niliikwangua yote kwa patasi ya zamani. Korki mpya niliipata mahali ambapo hamtapafikiria haraka, dukani kwa wauza vipuri vya magari, ambako huuzwa shiti za korki za kukatia gasketi. Nilichukua ya unene wa milimita 2, nikaikata kwa kufuata ile ya zamani, nikaibandika kwa gundi ya viatu iliyopakwa nyembamba pande zote mbili, nikaikandamiza chini ya tofali usiku kucha. Chuma chenyewe nilikinyoosha kwa vidole, nikakisugua juu ya msasa wa maji namba 120 uliolazwa kwenye kipande cha kioo kinene, kwa kuwa kioo ndicho kitu kilichonyooka zaidi ambacho fundi maskini anaweza kukipata bure kwa wakata madirisha. Niliporudisha rula, mwanga haukupita popote.

Kazi hiyo yote ilinigharimu fedha isiyofika bei ya mkanda mmoja mzuri. Angalieni bamba, ndugu zangu. Nitarudia tena kabla sijamaliza.

Nikiri pia ujinga wangu uliofuata, maana baada ya ushindi huo nilijiona mhandisi. Niliona bamba linapata moto, nikaamua kulipaka nta ya mshumaa ili mkanda uteleze. Uliteleza kweli, lakini uliteleza hata kwenye gurudumu la nyuma linalouendesha, hivyo mota ikawa inazunguka na mkanda umesimama, na nta nyingine ikahamia kwenye mbao, ambapo vanishi ilikataa kushika. Kinachofaa ni grafaiti kavu. Mimi nasugua bamba kwa risasi ya penseli nene ya seremala hadi ling'ae kijivu, kila ninapobadilisha mkanda, na sijaona haja ya kitu kingine.

Bamba likinyooka bado kuna mkono wa binadamu, nao hauaminiki. Hapo ndipo nilipotengeneza fremu, ambayo naiona ndiyo kazi yangu bora kuliko meza zangu zote, ingawa mke wangu huiita kitanda cha mashine. Ni mstatili wa vipande vya mninga vilivyobaki, wenye urefu wa sentimita 40 na upana wa sentimita 30, mashine ikikaa katikati yake na mkanda ukichungulia chini. Fremu ikilala juu ya meza, mashine haiwezi kuyumba upande wowote, kwa sababu ili mkanda uchimbe itabidi kwanza fremu nzima inyanyuke. Kina cha mkanda nakirekebisha kwa bolti nne za milimita 6, moja kila pembe. Bolti ya kawaida ya kipimo hicho husogea milimita moja kwa mzunguko mmoja kamili, kwa hiyo robo ya mzunguko ni robo ya milimita, na huhitaji kifaa cha kupimia zaidi ya jicho lako na spana. Nairudisha mashine juu ya kile kioo, natia karatasi ya daftari chini ya mkanda, na bolti nazigeuza hadi karatasi ianze kukwama. Huo ndio mwanzo. Kutoka hapo nashusha robo moja tu.

Tahadhari kubwa ni kwamba usitoboe mwili wa mashine ili kuifunga kwenye fremu. Mashine nyingi za aina hii, ambazo ubavuni zina alama ya mraba ndani ya mraba, hazina waya wa ardhini kwa kuwa zinategemea tabaka mbili za kuzuia umeme, nawe ukipitisha skrubu ndani yake unaweza kuwa umeliharibu tabaka linalokulinda. Ya kwangu imebanwa kwa vipande viwili vya mbao vilivyokatwa kufuata umbo lake, na mipira ya ndani ya baiskeli ikiwa imewekwa katikati ili isicheze. Mipira hiyo hiyo niliitumia kuunganisha tundu la vumbi na bomba linalokwenda kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, na kutoka kwenye ndoo bomba jingine linakwenda kwenye kifyonza vumbi cha mtumba. Sitawachosha na habari ya ndoo. Inatosha kusema kwamba vumbi jingi linabaki ndoo, na majirani hawaanui tena nguo zao wakinisikia nimewasha.

Katika suala la vumbi, hata hivyo, siwezi kupita kimya, kwa sababu nawaona vijana wa mtaani wanapiga msasa kutwa wakiwa wamefunga shati tu puani, halafu jioni wanalalamika kifua. Vumbi la mninga linawasha pua na kifua, jambo ambalo wazee wa kazi walilijua bila kuambiwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliainisha vumbi la mbao kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu mwaka 1995. Barakoa ni shilingi chache. Mtu asiye na fedha ya barakoa lakini anayo ya kubeti mechi nne kila Jumamosi asije kwangu kuuliza habari za mashine.

Na usithubutu kunolea panga kwenye mashine hiyo. Nililifanya hilo mara moja, mfuko wa vumbi ukiwa umejaa, cheche zikaingia, na baada ya dakika kumi mfuko ukaanza kufuka moshi ukiwa juu ya benchi, karibu na kopo la tina ya kuyeyushia vanishi, ambayo hushika moto upesi. Niliuzima kwa maji ya kunawia mikono.

Yaliyobaki ni ya mazoea. Mikanda iningʼinizwe kwenye kigingi, isikunjwe, na wakati wa masika iwekwe ndani ya nyumba, kwani unyevu hulegeza kiungo chake na mkanda hukatika kwa kishindo usoni pako. Washa mashine ikiwa hewani, iteremshe ikiwa inatembea, ifuate nyuzi za mbao, wala usiikandamize, maana kilo zake tatu zinamtosha mninga. Kabla ya kuanza, chora mistari ya penseli kukatisha uso wote, halafu ufute kwa msasa hadi mistari yote iondoke kwa pamoja. Pale ilipobaki pana bonde, na pale ilipoondoka mapema pana mlima. Ikiwa inaondoka katikati ya njia ya mkanda tu na kubaki pembeni, basi kijana wangu wa Kasulu, rudi kwenye bamba.

Ninawaonea huruma vijana wanaodhani ufundi unauzwa dukani. Mtu akikopa anunue mashine ya milioni, ataibeba mikono ile ile na jicho lile lile, na marejesho ya kikundi hayangoji vanishi ikauke. Mimi sikukopa. Mwezi uliopita yule mzee wa meza alipita karakanani kwangu, akasimama kwenye meza niliyokuwa nimemaliza asubuhi, akapitisha kiganja kutoka pembe hadi pembe, akarudia tena akiinama kuitazama dhidi ya mwanga. Hakutaja mto wowote. Aliuliza bei, nami nilimtajia ya juu kidogo kuliko ninayowatajia wengine, akalipa nusu papo hapo.

Ile meza ya kwanza bado iko sebuleni kwangu. Fremu ilipokamilika ndiyo niliyoanza nayo, nikatoa vanishi yote na kuipitia kwa namba 80, na mifereji yote ikaisha isipokuwa mmoja wenye kina cha karibu milimita 2 upande wa ukutani, ambao ningeuondoa tu kwa kuupunguza ubao wote unene. Nimeuacha, na mke wangu huweka chupa ya chai juu yake.